Mgawaji Hula Mwisho

Mtu mzima akiamua kufumba mdomo, jamani, hakuna kijiko duniani cha kuufungua. Avelina alilijua hilo asubuhi ile, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda cha mama yake, kikombe cha uji wa ulezi mkono huu, kijiko mkono ule. Aliupuliza uji ukapoa. Aliongeza sukari. Aliongeza maziwa, tena maziwa ya kuomba mtaa wa pili, maana majirani wa karibu siku hizi walikuwa hawamwazimi hata kiberiti. Bibi Bertha alikitazama kijiko kikija, akageuza uso ukutani.

"Mama, kidogo tu. Kijiko kimoja."

Bibi akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Mama yangu, unataka nifanye nini? Nilie? Haya, nalia."

Na kweli alilia, mwanamke mwenye wajukuu, kamasi na machozi pamoja, mpaka uji ukafanya ngozi juu. Bibi hakugeuka.

Ilikuwa hivyo tangu wiki ianze. Maji alikubali, ya kulowesha ulimi. Chakula, hapana. Hospitali walimpima wakasema kiharusi cha mwaka juzi kilimwachia udhaifu wa upande mmoja, lakini koo ni zima na kumeza anaweza, hivyo mrudisheni nyumbani mkambembeleze. Kumbembeleza! Avelina alikuwa amebembeleza mpaka maneno yamemwishia.

Mtu pekee aliyekuwa bado anaingia katika nyumba hiyo bila kutazama nyuma ni Atusaye, Mnyakyusa aliyekuja kutoka Mbeya kikazi, akauguza watu wa Sumbawanga mpaka akastaafu, kisha akajenga hapo hapo mjini, mtaa wa Katandala. Asubuhi hiyo aliingia na kanga yake begani, akamshika bibi mkono, akaibana ngozi ya juu ya kiganja. Ngozi ikabaki imesimama, haikurudi mahali pake. Akamvuta Avelina pembeni.

"Mdogo wangu, sikufichi. Asipokula leo au kesho, tutaanza kuwaita ndugu."

"Usiniambie hivyo, dada."

"Nikwambieje? Kwani yeye mwenyewe hasemi anataka nini?"

"Alishasema. Anataka bakuli lake la kashata."

"Sasa si umpe!"

Avelina akainamisha kichwa. Pale kwenye pembe ya chumba palikuwa na ndoo ya plastiki ya bluu, imejaa maji, kopo linaelea juu. Akaitazama ile ndoo.

Hilo bakuli lina habari yake, na usipoijua hutaelewa mwanamke mzima anaogopaje ndoo.

Bertha alipokuwa msichana alifanya kazi jikoni kwa masista wa misheni moja huko uwandani, ambako mwezi wa sita upepo unakupiga mpaka unajuta kuzaliwa na masikio. Sista mkuu, Mzungu mwembamba asiyependa maneno mengi, alikuja na vyombo vya bibi yake kutoka kwao. Vingi vilipotea njiani au vilivunjika. Vilivyobaki vilikuwa bakuli la kuwekea vitu vitamu mezani, lenye mguu mmoja na ukingo uliotobolewa matundu madogo madogo kama lesi ya kitambaa cha altare, pamoja na koleo lake, dogo, la kuokotea kipande kimoja kimoja. Vyote fedha tupu, madini yale yale ya kikombe cha misa. Vilitoka kabatini sikukuu tu, na kazi ya kuvisugua ilikuwa ya Bertha. Alichekecha majivu kwa kitambaa mpaka yakawa laini, akakamulia ndimu, akasugua kwa kidole gumba. Si mchanga, si waya. Kidole. Sista alipoitwa kurudi kwao kuzeeka, alivifunga katika kitambaa chake chekundu cha mahameli akamkabidhi Bertha. Wewe ndiye uliyevitunza, alimwambia, kaa navyo.

Bertha akaolewa navyo, akazaa navyo, akafiwa na mume navyo. Mali nyingine hakuwa nayo, labda ulimi wake. Kila Krismasi na kila Pasaka alipika kashata za karanga, akazipanga bakulini juu ya ile mahameli, akakaa kwenye kigoda mlangoni, na watoto wa kijiji kizima wakaja. Na alikuwa na sheria. Mtoto anapiga magoti, anapiga makofi taratibu kama Mfipa yeyote aliyelelewa anavyofanya akipokea kwa mkubwa, anakinga viganja. Bertha anaokota kashata kwa koleo, kwa vidole kamwe. Mtoto anaitafuna pale pale mbele yake, ndipo anasema asante na kumpisha mwenzake. Wakiisha wote, ikibaki ya mwisho, hiyo ndiyo ya Bertha.

"Mgawaji hula mwisho," alikuwa akisema. "Anayegawa akianza yeye, huyo mlaji tu kama walaji wengine."

Avelina alikulia kwenye mstari huo. Akaolewa mjini na dereva wa lori, Felisiani, mtu wa watu, ambaye barabara ya kushuka bondeni ilimchukua mapema. Watoto, Frank na wadogo zake, wakakua wakatawanyika. Aliyebaki karibu yuko Mtowisa analima mpunga, na karibu yenyewe ni ya kuambiwa, ukiijua barabara ile. Avelina akaamua kumleta mama yake Katandala waishi wawili. Alfajiri anakanda unga, jua likitoka anakaa nje ya geti la shule na beseni la maandazi, na maandazi yake yalisifiwa. Jumapili baada ya misa bibi anakaa mlangoni na bakuli lake linang'aa, watoto wa mtaa wamejaa. Maisha yalikuwa hayo, na yalikuwa mazuri.

Kisha kiharusi kikaja. Bibi akabaki na mkono mmoja wa kutegemea, nao unatetemeka. Kashata Avelina alimpikia, na kugawa bibi aliendelea kugawa, lakini kusugua hakuweza tena. Sasa fedha ina tabia yake. Usipoisugua inafifia, inakuwa rangi ya chai, na mwisho inakuwa nyeusi tii kama chungu cha kuni. Bibi alilisema hilo mara nyingi, kwa ulimi wake mzito wa ugonjwa, "majivu, Avelina, majivu," na Avelina akaitikia "ndiyo mama" huku anahesabu unga kichwani. Angepata wapi muda wa kusugua bakuli?

Siku ya jumuiya kuja kusali kwa mgonjwa, Monika naye akaja, jirani wa nyumba ya tatu, mama mcha Mungu, rozari haimtoki shingoni. Alipiga magoti karibu na kitanda. Alipoinama kusali, macho yakaingia chini ya kitanda. Akaona chombo cheusi kimelala juu ya kitambaa chekundu.

Tuseme ukweli hapa. Mtu aliyekulia Sumbawanga, mji ambao mgeni akiusikia jina tu anauliza kama atarudi kwao salama, akiona cheusi juu ya chekundu chini ya kitanda cha kikongwe, hafikirii kashata. Monika alimaliza salamu Maria yake kwa haraka ya ajabu. Na kwa bahati mbaya, bahati mbaya kweli kweli, wiki hiyo hiyo mjukuu wake Timoth, aliyekuwa kwenye mstari Jumapili, akapata homa. Malaria ya kawaida, alimeza vidonge akapona, siku ya nne anacheza mpira. Lakini neno lilikwisha kutoka, na neno halimezi vidonge.

Hakuna aliyemwambia Avelina usoni. Wafipa ni watu wa adabu, hata kukusema wanakusema kwa adabu. Watoto wakaacha kuja, basi. Bibi alikaa mlangoni Jumapili na bakuli lililojaa, wanapita upande wa pili wa njia wakishikwa mikono na mama zao. Maandazi yakaanza kurudi nyumbani. Kisha mtu mmoja, kwa wema wake eti, akamnong'oneza sokoni: "Mama Frank, mwangalie bibi. Watu wana hasira." Avelina akarudi nyumbani bila kununua kitu. Alishasikia habari za kikongwe wa huko bondeni aliyechomewa nyumba kwa maneno matupu. Hofu yake haikuwa ya kipuuzi, usimcheke.

Lililo baya ni hili. Ukikaa na hofu ya watu muda mrefu, inakuwa yako. Jumapili moja, mstari hauna mtu, bibi akamwita yeye. Avelina akapiga magoti, akapiga makofi, akakinga viganja. Kashata ikatoka katika bakuli lile jeusi ikaingia mkononi mwake, akaitia mdomoni. Kisha akatoka mbio kama mtu aliyenusa mboga inaungua, akaenda uani, akaitema chooni. Akasukutua kwa maji. Ndiyo, Avelina mwenyewe, aliyelelewa na koleo lile. Hakuna aliyeniona, alijiambia.

Siku chache baadaye akapita Yonas na baiskeli yake iliyofungwa ndoo na mabeseni mpaka haionekani, anapiga kelele: "Masufuria mabovu, vyombo vibovu, lete upate kipya!" Mama alikuwa amelala. Avelina akatoa bakuli na koleo, mahameli akaitia kwenye moto wa jiko. Yonas hata hakuangalia vizuri, akavirusha ndani ya gunia la chakavu, akafungua ndoo ya bluu. Bibi alipoamka alipapasa chini ya kitanda kwa mkono wake mzima. Akapapasa tena.

"Bakuli?"

"Nimelipeleka likasuguliwe, mama."

"Litarudi?"

"Litarudi."

Aliuliza hivyo asubuhi na jioni, wiki kwa wiki. Kisha akaacha kuuliza. Kisha akaacha kula.

Haya yote Avelina alimweleza Atusaye uani, anajifuta kwa ncha ya kitenge, ila lile la chooni alilimeza. Atusaye alisikiliza mikono kiunoni.

"Nyie Wafipa nyie! Mnaogopana mpaka mnaogopa vyombo!" Akachomoa pete ya kidole chake na kumwekea mbele ya macho. "Hii ni nini? Fedha. Niliisahau kwenye droo mwaka mzima, nikaikuta nyeusi kama mkaa. Na mimi mchawi? Sema, mimi mchawi?"

"Dada, nimekosa. Nimekosa, nifanyeje?"

"Nenda ukalitafute. Kimbia. Mimi nakaa naye."

Avelina akapanda bodaboda na kandambili zake za jikoni. Alimkuta Yonas karibu na soko anafunga mizigo. Kijana alikuna kichwa. "Mama, chakavu yote mimi namuuzia mzee Fabiani, yule anayeyeyusha vyombo vibovu na kumimina masufuria. Nyuma ya magereji kule. Ila mama, ni kitambo, sijui." Avelina hakungoja amalize.

Kwa mzee Fabiani moto ulikuwa unawaka, feni la baiskeli linavuma, masufuria mapya yamepangwa chini kuanzia kubwa la msiba mpaka dogo la chai. Avelina alipoona kile chungu cha chuma chenye maji mekundu ya chakavu kikitokota, alidhani amechelewa. Akapiga goti pale pale kwenye mkaa, akapiga makofi.

"Shikamoo mzee. Natafuta bakuli. Jeusi, lenye mguu, ukingo wake una matundu."

"Marahaba. Nalikumbuka," alisema Fabiani. "Nililigonga likalia kama kengele. Aluminiamu hailii hivyo. Sikuliyeyusha, nililiweka pembeni."

"Mungu wangu, ahsante! Liko wapi?"

Mzee akaangalia pembeni. "Mama, lilikuwepo. Kuna kijana wa Kasanga, Meshack, huwa anakuja kuchukua masufuria ya kuuza kule ziwani. Alilipenda, nikampa na mzigo wake."

"Mpigie. Baba yangu, mpigie sasa hivi."

Fabiani akapiga, akaweka sauti ya nje ili wasikie wote. Upande wa pili injini za boti zilikuwa zinanguruma na watu wanaitana. Meshack ilibidi aulizwe mara mbili.

"Kibakuli kile cha matundu? Ah, mzee, kile alikichukua Mkongo mmoja, mnunuzi wa dagaa. Kilivuka ziwa kitambo."

Avelina akaipokonya simu. "Mwanangu, huyo Mkongo anarudi lini?"

"Mama, shikamoo. Yule hana siku. Anaweza kuja, anaweza asije. Na akija, sidhani kama atakuja na bakuli."

"Mwambie mama yangu anakufa."

"Sina namba yake, mama. Pole sana. Kweli pole."

Simu ikakatika. Avelina akakaa juu ya gunia la mkaa, akaweka mikono kichwani, akalia kwa sauti ile ya kwenye misiba, mafundi wa magereji wakatoka kuangalia. "Nimemuua mama yangu kwa ndoo! Kwa ndoo, jamani! Ndoo!" Mzee Fabiani alisimama hajui pa kuweka mikono yake. Alifunika moto. Akaufunua. Mwishowe akaenda kwenye sanduku lake la vifaa, akapekua, akarudi na kitu cheusi kirefu kama kiganja.

"Hiki nilibaki nacho mimi. Kinanishikia vizuri ripiti, vile vijisumari vya mikono ya masufuria, sikutaka kukitoa. Ni cha kwako?"

Lilikuwa koleo. Masizi na mafuta, ncha moja imepinda kidogo, lakini lile lile. Avelina alilikumbatia kifuani, akasahau hata kuaga.

Nyumbani hakuingia chumbani kwanza. Alikaa jikoni, akachekecha majivu kwa kitambaa, akakamulia ndimu, akasugua kwa kidole gumba. Hakuwa amewahi kufanya hivyo maishani mwake. Weusi ukaanza kutoka, ukahamia kwenye kidole, na chini yake ikatokea nyeupe. Haikuchukua hata muda wa kukanda unga. Basi hapo ndipo alipolia kuliko kule kwa Fabiani, kwa sababu kumbe kazi yenyewe ilikuwa ndogo namna ile. Atusaye alimkuta hivyo, akaweka sukari motoni na kumenya karanga. Wakapika kashata wawili, wakazipanga kwenye sahani ya bati.

Bibi Bertha alikuwa ameegemezwa kwenye mto. Macho yalikuwa yamezama, midomo imepasuka. Alipoliona koleo, mkono ule mzima uliinuka wenyewe.

"Na bakuli?"

Avelina akapiga magoti. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, ule wa kusuguliwa, alishauzoea. Akautema.

"Mama, bakuli halipo. Nilimpa mtu wa chakavu. Niliogopa maneno ya watu. Nimelifuata tangu asubuhi, limevuka ziwa. Nisamehe, mama."

"Najua," alisema bibi, polepole, kila neno likitafuta njia. "Ndoo... naiona kila siku."

Atusaye alijifanya anakunja kanga. Bibi alichukua koleo. Likamtetemeka mkononi, likaokota kashata, ikaanguka. Likaokota tena. Avelina akapiga makofi, akakinga viganja, akapokea, akatia mdomoni, na papo hapo akaanza kuinuka akachukue uji.

"Kaa hapo," alisema mama yake. "Tafuna nione."

Dirisha la chumba kile linatazama uani, na uani ndiko kilipo choo. Miaka yote Avelina alifagia chumba kile, alifungua dirisha lile kila asubuhi, na hakuwahi kuliwaza hilo mpaka saa ile. Damu ilimpanda usoni mpaka masikio. Alikaa. Alitafuna mbele ya mama yake, karanga kwa karanga, akameza, kisha akafungua kinywa wazi kama mtoto anayekaguliwa, ulimi nje. Bibi Bertha aliinama akaangalia ndani kwa makini.

"Haya," alisema.

"Sasa uji, mama? Nilete uji?"

"Bado watoto."

Avelina akamtazama Atusaye. Atusaye akasema taratibu, "Mgawaji hula mwisho, si ndiyo mnavyosema? Nenda kawalete."

Jua lilikuwa bado juu, njia imejaa watoto waliotoka shule. Nyumba ya kwanza mama mwenye nyumba alisema watoto wamelala, na nyuma yake wanasikika wanagombania redio. Ya pili, kasichana kadogo, Luciana, kalikuwa kameketi mlangoni. Mkono ukatoka ndani ukakavuta kwa nyuma ya gauni. Akaenda kwa kina Flavian, kwa kina Maximilian, milango ikamjibu kwa heshima zote kwamba haiwezekani. Mwisho akafika kwa Monika. Alipiga magoti kizingitini, mwanamke wa umri wake, mbele ya mtaa mzima, akapiga makofi.

"Dada Monika, naomba Timoth. Dakika moja tu. Mama hali mpaka agawe. Anakufa, dada."

Monika alitoka. Timoth alichungulia kutoka nyuma ya sketi yake. "Bibi ana zile kashata?" aliuliza mtoto, na Monika akamrudisha ndani kwa kiganja. Macho yake yalikuwa na machozi, tusimwonee.

"Avelina, mimi sina neno na bibi. Nakuapia. Lakini mtoto huyu si wangu, ni wa mwanangu. Likitokea lolote nitasema nini? Chukua mayai haya, umpikie."

Avelina aliyaacha mayai pale pale kizingitini. Alirudi nyumbani akitembea katikati ya njia, watoto wanampisha.

Bibi alikuwa ameketi vile vile, koleo mkononi, sahani mapajani, macho mlangoni. Alikuwa anangoja kama Jumapili zote zile alivyongoja.

"Wako wapi?"

Atusaye alifungua mdomo aseme kitu. Avelina akamzuia kwa mkono. Akatoka tena hadi nje ya mlango, akafunga kitenge vizuri, akaingia amejikunja. Akapiga magoti, akapiga makofi.

"Shikamoo, bibi. Mimi Timoth."

Bibi Bertha alimtazama. Alimtazama muda mrefu, na Avelina akadhani sasa atageukia ukuta, na akigeuka safari hii hatarudi tena. Koleo likashuka, likaokota.

"Marahaba. Tafuna."

Akatafuna, akafungua kinywa, akasema asante, akatoka nje. Akaingia tena. "Shikamoo, bibi. Mimi Luciana." Akatoka, akaingia. "Mimi Flavian, bibi."

"Flavian," alisema bibi, "siku hizi una mvi."

"Ndiyo, bibi. Shule ngumu."

Atusaye akauficha uso wake ndani ya kanga, mabega yanamtikisika, na huwezi kujua anacheka au nini. Avelina akaingia kwa jina la Maximilian. Akaingia kwa majina ya watoto wa nyumba ambazo hazikufungua. Wa mtaa walipomwishia, akaingia kwa majina ya watoto wa kijijini, wale wa mstari wa zamani, ambao wengine wana wajukuu na wengine wamelala makaburini. Sukari ilimganda kwenye meno, taya zilimuuma, koo lilimkauka, machozi yalimshuka mpaka kidevuni yakachanganyika na karanga. Kila mara alitafuna mbele ya mama yake na kila mara alifungua kinywa. Hakuna hata moja iliyokwenda uani.

Mwisho akapiga magoti akiwa hana jina jingine.

"Na wewe?" aliuliza bibi.

"Mimi Avelina, mama."

"Wewe ulishapewa."

Kwenye sahani ilikuwa imebaki moja. Bibi Bertha aliitazama, akapeleka koleo, lakini mkono ulikuwa umechoka sasa, ukatua njiani juu ya shuka. Kwa vidole hangechukua, kufa angekufa. Basi Avelina akausogelea mkono ule, akaushika pamoja na koleo lake ndani ya kiganja chake chenye kidole cheusi cha majivu, wakaokota wawili, wakainua wawili. Bibi Bertha akafumbua mdomo. Atusaye akaenda jikoni kupasha uji.